Somo la 8: Kazi ya Kukubali na Kazi ya Kukataa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 14:28–30, Nehemia 2:11–16, Mithali 6:1–5, 2 Wafalme 12:9–15, Kutoka 31:1–17, 1 Mambo ya Nyakati 28:2–6.

Fungu la Kukariri: Luka 14:28. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili hadi uweze kulisema kwa moyo.

Simu ya mkandarasi mdogo haina mapumziko. Mteja mmoja anataka nyumba ya vyumba vitatu iishe kabla ya mwisho wa mwaka. Halmashauri imetangaza zabuni ya madarasa mawili. Ndugu wa ukoo ana msingi uliosimama tangu mwaka juzi na anaomba amaliziwe kwa bei ya kindugu. Kila kazi ina fedha ndani yake, na mtu mwenye ada ya shule ya kulipa haoni urahisi wa kusema hapana.

Uaminifu wa Mkristo kazini hupimwa mara nyingi kwa jinsi anavyoifanya kazi aliyokwisha kuipokea. Juma hili tunarudi hatua moja nyuma. Mjenzi anapotia saini mkataba anatoa neno lake, na ahadi ni deni. Hawezi kulitimiza neno ambalo tangu siku ya kwanza hakuwa na uwezo nalo. Kwa hiyo kuchagua kazi ni sehemu ya uwakili, na wakati mwingine tendo la uaminifu kuliko yote ni kukataa.

JUMAPILI
Mnara na Gharama Zake

*Soma Luka 14:28–30. Ni nini kilichomfanya mjenzi huyu achekwe?*

Yesu alikuwa akizungumza juu ya gharama ya kuwa mwanafunzi wake, lakini mfano aliouchagua unaeleweka kwa kila fundi. Mtu huyu hakukosa nia wala hakukosa ustadi. Msingi aliuweka. Kosa lake lilitokea kabla ya jiwe la kwanza: hakuketi kuhesabu.

Kuhesabu kunahitaji zaidi ya kuuliza kama kazi ina faida. Chukua mfano wa mkandarasi aliyepata kazi isiyo na malipo ya awali, ambayo hulipwa kila hatua inapokaguliwa na kuthibitishwa. Ana mafundi 6 wanaolipwa shilingi 30,000 kwa siku, na vibarua 10 wanaolipwa shilingi 15,000. Ujira wa siku moja ni shilingi 330,000. Wa juma la siku sita ni shilingi 1,980,000. Ikiwa malipo ya hatua ya kwanza yatafika baada ya majuma 8, atahitaji shilingi 15,840,000 za ujira peke yake, kabla hajanunua saruji wala nondo. Tena mikataba mingi huzuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe. Kazi yenye faida nzuri kwenye karatasi inaweza kumfilisi njiani.

Wengi hufika katikati ndipo wakachukua fedha za mteja wa pili kuezeka nyumba ya mteja wa kwanza, kisha wakamtafuta wa tatu ili kumtuliza wa pili. Hapo mkandarasi hachagui kazi tena. Madeni ndiyo yanayomchagulia.

*Linganisha na Mithali 24:27. Mpangilio wa kazi unaotajwa hapo unakufundisha nini kuhusu mambo ya kutangulizwa?*

JUMATATU
Kukagua Kabla ya Kuahidi

*Soma Nehemia 2:11–16. Nehemia alifanya nini kabla ya kuwaambia watu habari za ujenzi?*

Nehemia alikuwa na ruhusa ya mfalme, barua za kupitia njiani, na barua ya kupatiwa mbao. Hata hivyo, alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuutazama ukuta kwa macho yake. Alifika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakupata njia ya kupita. Baada ya hapo ndipo aliposema na viongozi. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (Nehemia 6:15), na kasi hiyo ilitanguliwa na usiku ule wa ukaguzi.

Mkandarasi anayetaja bei kwa simu, bila kufika kwenye kiwanja, anaahidi asichokijua. Je, udongo ni mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua? Lori la kokoto litafika, au mzigo utabebwa kwa kichwa kutoka barabarani? Maji yako wapi? Kiwanja kina hati, au kuna kesi? Ramani na kibali vipo? Jibu moja kati ya hayo linaweza kubadili bei yote.

Jambo la pili la kukagua ni uwezo wa mjenzi mwenyewe. Bezaleli na Oholiabu waliitwa kwa kazi walizopewa ustadi wake (Kutoka 31:1–6). Musa, pamoja na ukuu wake wote, aliwaachia wao ufundi huo wa hema. Nchini Tanzania Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, na isipokuwa daraja la kwanza, kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja. Kikomo hicho huwalinda mteja na mkandarasi pia. Aliyejenga nyumba za kawaida kwa miaka kumi ni mjenzi wa kweli, lakini ghorofa nne ni elimu nyingine.

*Ni kazi gani uliyowahi kupewa ambayo mwingine angeifanya vizuri zaidi? Ulichukua hatua gani?*

JUMANNE
Jina Lako Juu ya Kazi ya Mwingine

*Soma Mithali 6:1–5. Mtu aliyenaswa kwa maneno ya kinywa chake anashauriwa kufanya nini, na kwa haraka gani?*

Kuna kazi inayoonekana nyepesi kuliko zote. Mtu asiye na usajili anakuja kwa mkandarasi aliyesajiliwa na kuomba kutumia cheti chake. Mwenye cheti atapata asilimia yake bila kukanyaga eneo la ujenzi. Lakini kwenye mkataba jina ni lake. Zege likipasuka, atakayeitwa ni yeye. Sulemani alizungumza juu ya dhamana ya deni, na hatari ni ileile: umejifunga kwa jambo usiloliongoza.

Sheria ya Musa ilimtaka mwenye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo (Kumbukumbu la Torati 22:8). Mungu aliuhesabu usalama wa jengo kuwa suala la damu. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu 36 wakafariki. Maafa ya namna hiyo yanakumbusha kwamba mfuko wa saruji uliopunguzwa na nondo nyembamba kuliko ilivyochorwa si mambo ya hesabu tu.

Kwa hiyo mteja anaposema, "Punguza nondo, bei ishuke," au, "Ongeza ghorofa moja, kibali tutakishughulikia," mjenzi Mkristo ana jibu lake tayari. Vivyo hivyo pale kazi inapotolewa kwa sharti la bahasha. Soma Kutoka 23:8. Aliyenunua kazi kwa rushwa atatafuta mahali pa kurudisha fedha hiyo, na mara nyingi ataipata ndani ya ukuta, mahali jicho halifiki.

JUMATANO
Ujira wa Kibarua

*Soma Yeremia 22:13–17 na Mambo ya Walawi 19:13. Mfalme alishitakiwa kwa kosa gani katika ujenzi wake?*

Yehoyakimu alijenga nyumba kubwa yenye madirisha mapana na mbao za mierezi. Machoni pa wapita njia ilikuwa fahari. Mungu aliona watu waliofanya kazi bila ujira.

Bei ya chini mno huvutia zabuni, lakini pengo lake lazima lilipwe na mtu fulani. Likikosa kulipwa na mteja, hulipwa na kibarua anayeambiwa kila Ijumaa asubiri Ijumaa nyingine. Yakobo anasema kilio cha ujira uliozuiliwa kimefika masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Kazi ambayo haiwezi kuwalipa waliobeba zege haifai kuchukuliwa, hata kama itampa mwenye kampuni jina.

*Soma 2 Wafalme 12:9–15. Fedha za matengenezo ya hekalu zilitumiwaje?*

Maseremala, waashi na wakata mawe wa nyumba ya Bwana walilipwa, na vifaa vilinunuliwa kwa fedha taslimu. Hili ni fundisho kwa kamati za ujenzi za makanisa yetu. Ndugu mkandarasi akitaka kutoa sadaka ya kazi, na aitoe kwa moyo, kiasi chake kikijulikana. Sehemu iliyobaki iandikwe kwenye mkataba na ilipwe kwa wakati. Undugu usipoandikwa, huishia kwenye baraza la kanisa.

ALHAMISI
Sabato Ndani ya Mkataba

*Soma Kutoka 31:1–17. Kwa nini agizo la Sabato linafuata mara baada ya wito wa mafundi wa hema?*

Hakuna kazi ya ujenzi iliyokuwa takatifu kuliko hema ya kukutania. Hata hivyo, Mungu alipokwisha kuwataja mafundi na vitu watakavyotengeneza, alizungumza papo hapo juu ya siku ya kupumzika. Hata kazi yake mwenyewe ingesimama. Kama hema ilingoja, hakuna duka wala hoteli isiyoweza kungoja.

Lakini Sabato haitunzwi Ijumaa saa kumi na moja jioni, lori la zege likiwa langoni. Zege la sakafu ya ghorofa likianza kumwagwa halikatizwi ovyo, kwa kuwa kiungo cha zege kavu na bichi ni udhaifu. Kwa hiyo Sabato hutunzwa siku ratiba inapoandikwa: zege kubwa limwagwe mapema katika juma. Na kwa kuwa zege changa linahitaji unyevu, magunia yaloweshwe vema Ijumaa mchana na kufunikwa kwa nailoni.

Amri ya nne inamtaja pia mtumishi (Kutoka 20:8–11). Mkandarasi anayekwenda kanisani huku mafundi wake wasio Waadventista wakiendelea kujenga kwa jina lake hajaitimiza. Mteja aambiwe mapema, kabla ya saini. Akikataa, mlango huo umejifunga, na ni heri umejifunga sasa kuliko katikati ya kazi.

*Ni sharti gani la imani yako ambalo huwa unachelewa kuliweka wazi kwa mwajiri au mteja?*

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

*Soma 1 Mambo ya Nyakati 22:2–5, 14–16 na 28:2–12.*

Daudi alitamani kujenga hekalu. Nia yake ilikuwa njema na mali alikuwa nayo, lakini Mungu alimwambia kazi hiyo si yake. Hakununa. Alikusanya mawe, chuma na mbao, akampa Sulemani mfano wa jengo, na kumtia moyo. Mjenzi anayekataa kazi kwa haki anaweza kufanya vivyo hivyo: kumweleza mteja ukweli na kumwelekeza kwa mwingine anayefaa.

Somo hili lisiwe kisingizio cha kukimbia mkataba uliokwisha kusainiwa. Zaburi 15:4 inamsifu mtu asiyebadili neno lake hata linapomletea hasara. Mlango wa kukataa uko mwanzoni. Anayeheshimu mlango huo ndiye atakayeweza kumaliza alichokianza.

Maswali ya Kujadili:

1. Mkandarasi ana vibarua ambao familia zao zinamtegemea, na kazi pekee iliyopo inadai rushwa. Kanisa linaweza kumsaidiaje zaidi ya kumwambia akatae?

2. Je, kanisa lako limewahi kumdai fundi mshiriki kazi ya bure bila makubaliano? Nini kifanyike kurekebisha?

3. Wasio wajenzi nao hupokea oda: mshonaji wa sare, mpishi wa sherehe, mwenye bodaboda. Katika darasa lako, orodhesheni maswali matano ambayo kila mmoja angejiuliza kabla ya kusema ndiyo.