Dondoo muhimu: Bodaboda ing'ae kama mpya

Matope mekundu ya Kakamega yakikauka kwenye tangi, usiyafute kwa kitambaa kikavu. Chembe za mchanga zilizomo ndizo zinazokwaruza rangi. Yamwagie maji kwanza yalegee, kisha osha kwa sifongo na shampuu ya gari, ukianzia juu. Sabuni ya unga iache kwa nguo. Huondoa nta na rangi ikafubaa. Mashine ya maji ya kasi usiielekeze kwenye beringi za magurudumu wala mnyororo, kwani husukuma grisi nje. Mnyororo ukikauka, utie oili palepale.

Nta ipake kivulini, bodi ikiwa imepoa na kukauka kabisa. Paka kidogo tu, subiri ifanye ukungu, kisha sugua kwa kitambaa laini. Fanya hivyo asubuhi, maana mvua ya huku hupenda alasiri. Kiti, tairi na diski ya breki visiguswe na nta hata kidogo: vikiteleza, ni maisha ya abiria.

Na tafadhali, usiiingize pikipiki katika Mto Isiukhu. Maji yake huingia Mto Nzoia, kisha Ziwa Victoria, na kanuni za ubora wa maji za Kenya zinakataza kuyachafua. Chota kwa ndoo, uoshee mbali na ukingo.