Kiyoyozi Kipya: Pima Chumba Kwanza

Katika joto la miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, wengi hudhani kiyoyozi kikubwa ndicho bora. Sivyo. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huipunguzia unyevu. Kikiwa kikubwa kuliko chumba, hasa kisicho cha inveta, hupoza upesi na kuzima kabla ya kuondoa unyevu. Ukungu huota ukutani, na mtoto mwenye pumu hukosa usingizi.

Kwa kawaida chumba cha mita 3 kwa 4 hutoshwa na BTU 9,000. Cha mita 4 kwa 5, BTU 12,000. Kinachopigwa na jua la jioni huhitaji zaidi. Cha inveta hutumia umeme kidogo. Epuka chenye gesi ya R22, kwani huharibu tabaka la ozoni.

Kumbuka, viyoyozi vingi vya nyumbani havileti hewa mpya, bali huzungusha ile ile ya ndani, pamoja na vijidudu vya anayekohoa. Kwa hiyo fungua madirisha kila siku, osha chujio kila wiki mbili, na usiache maji yanayodondoka yatuame, maana mbu huzaliana humo.