Bibo na Korosho

Ndugu msomaji, ukifika Kitangari, wilayani Newala, wakati wa mavuno, tazama chini ya mkorosho. Bibo na korosho vimeanguka pamoja. Bibo ni jekundu au la manjano, laini, limejaa maji. Nalo huoza upesi. Korosho ni ya kijivu, ngumu, na ganda lake lina mafuta yaunguzayo ngozi. Nayo hukaa miezi mingi na kumlisha mkulima na wanawe.

Furaha nazo ni namna mbili. Ile rahisi haifiki kesho. Ile idumuyo hupatikana kwa kuungua vidole.

Mtu aweza kuuliza: "Je, wangapi wamejitahidi wasipate?" Swali hili ni la haki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga, bei ndogo, na wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao vilileta hasara hiyo. Mashamba mengi yakamezwa na pori.

Lakini watafiti wa Naliendele, Mtwara, walifundisha kupuliza salfa. Wenye subira wakafyeka, wakapogoa, wakapuliza. Na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Basi kukosa mavuno si kushindwa. Kushindwa ni kuliachia pori shamba. Omba dua, ndugu yangu, lakini iombe ukiwa umeshika panga la kufyekea. Mwenyezi Mungu atujalie subira. Amin.