Ngiri: Ufa katika Ukuta wa Tumbo



Nilipomwambia Bwana Mhariri kwamba nataka kuandika habari za ngiri, wenzangu wa Kidato cha Sita walidhani nitaeleza habari za yule mnyama wa porini mwenye meno marefu, wakacheka. Nilipowaambia kuwa nasema juu ya ugonjwa, wakacheka zaidi. Kicheko hicho cha pili ndicho kilichonikaza niandike, kwa sababu kwa kukiogopa mimi mwenyewe nilificha ngiri yangu mihula miwili mizima.

Basi ngiri ni nini? Mbele ya tumbo hakuna mifupa kama ilivyo kifuani. Ukuta wake ni tabaka za misuli na ngozi ngumu za ndani, na upande wa ndani kabisa umetandikwa utando mwembamba. Tukikohoa, tukiinua mzigo au tukijikamua chooni, matumbo husukumwa kwa nguvu juu ya ukuta huo. Palipo na udhaifu au tundu, utando hutokeza nje kama kifuko, na mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo huingia humo. Mmeona mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza mahali tairi lilipopasuka? Ndivyo ilivyo ngiri. Mpira wenyewe ni mzima, ila tairi lina ufa.

Aina za ngiri ni nyingi, nami nitataja zile kubwa.

Kwanza ni ngiri ya kinena. Hii ndiyo inayoonekana zaidi, maana katika ngiri zote za ukuta wa tumbo, kama robo tatu ni za kinena. Nayo ina namna mbili. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake huwa ndani ya tumbo, kisha hushuka kupitia njia nyembamba ya kinenani, zikivuta utando nyuma yake. Njia ya utando huo yapasa kufungika. Isipofungika, matumbo yaweza kuifuata njia ile ile, hata baada ya miaka mingi. Hiyo ndiyo namna inayowapata watoto na vijana, na yaweza kushuka mpaka katika mfuko wa korodani. Namna ya pili huwapata zaidi watu wazima, pale ukuta wenyewe unapolegea kwa umri.

Pili ni ngiri ya paja, inayotokea chini kidogo ya kinena, karibu na mshipa mkubwa wa damu uendao mguuni. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mlango wake ni mwembamba na mgumu, kwa hiyo hunasa upesi. Mwanamke mwenye uvimbe mahali hapo asikawie kwenda hospitali.

Tatu ni ngiri ya kitovu. Kwa watoto wachanga nyingi hujifunga zenyewe kabla mtoto hajafika miaka minne au mitano. Kuifunga kwa sarafu na kitambaa hakuponyi. Huumiza ngozi tu. Kwa mtu mzima haijifungi yenyewe.

Nne ni ngiri ya katikati ya tumbo, juu ya kitovu, ambayo mara nyingi ni uvimbe mdogo wa mafuta. Tano ni ngiri ya kovu, inayotokea mahali mtu alipopasuliwa zamani, kama ukuta haukushikana vizuri.

Sasa niseme habari zangu. Nilikuwa Kidato cha Nne, na Jumamosi moja tulikuwa tukibeba mawe ya kujengea jiko jipya la shule. Jioni bafuni nikaona uvimbe kama yai la njiwa upande wa kulia wa kinena. Nilipolala ukatoweka. Asubuhi niliposimama ukarudi. Sikumwambia mtu. Nikaacha mpira wa miguu nikisingizia goti, na nikawa naoga alfajiri kabla wenzangu hawajaamka. Nilidhani ni ugonjwa wa aibu, unaotokana na tabia mbaya, kama nilivyosikia watu wakisema. Maneno hayo si kweli hata kidogo. Ngiri haiambukizwi, wala haitokani na mwenendo wa mtu.

Likizo ilipofika nikarudi kwetu Busoga, mashariki ya Uganda, nikakaa kwa baba yangu mdogo. Yeye ni mkata miwa. Usiku mmoja nikamsikia akigumia. Nilipoingia na taa akaniambia, "Mwanangu, usiwaite watu." Kumbe naye alikuwa na ngiri, miaka minane, na kila asubuhi aliifunga kwa kitambaa chini ya suruali akaenda shambani. Siku zote akilala ilirudi ndani. Usiku huo ilikataa kurudi. Ilikuwa ngumu kama jiwe, hakuvumilia kuguswa, naye alikuwa ametapika mara tatu.

Mama mdogo alichemsha maji ili tuikande na kuisukuma. Jirani yetu, muuguzi aliyestaafu, alipofika akatukataza kwa ukali. "Msiisukume," akasema. "Msimpe chakula wala kinywaji. Tafuteni gari sasa hivi." Tukampakia katika gari la miwa.

Baadaye daktari alinieleza kilichotokea. Utumbo ulikuwa umenaswa mlangoni mwa ngiri, na mlango ukaibana mishipa inayoupelekea damu. Sehemu ya mwili isiyopata damu hufa, na utumbo waweza kuanza kufa katika muda wa saa chache. Ukitoboka, uchafu humwagika tumboni na mtu hufa. Ndiyo maana yule mama alitukataza kuisukuma, maana tungeweza kuurudisha ndani utumbo uliokwisha kufa, au kuupasua. Walimpasua baba mdogo usiku ule ule, wakakata kipande cheusi cha utumbo, wakaunga ncha mbili. Alilala hospitali siku kumi na moja, na miwa ya msimu ule ikauzwa ili kulipa madeni. Angalikwenda miaka minane iliyopita, huenda angalirudi nyumbani siku ile ile.

Siku ya nne, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, nikamwambia habari zangu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, nenda kamwambie daktari, nami nikuone ukienda." Nikaenda.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Daktari aliniuliza uvimbe ulianza lini, kama hurudi ndani, na kama nina kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu au shida ya kukojoa, maana mambo haya hulemea ukuta wa tumbo. Kisha akanisimamisha, akaweka vidole kinenani, akasema, "Kohoa." Nilipokohoa, uvimbe ukagonga vidole vyake. Akanilaza, ukarudi ndani. Akasema katika hali kama yangu hapana haja ya picha yo yote, ila pakiwa na shaka hutumia ile mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti.

Akanifundisha pia kutofautisha ngiri na busha, maana kwetu watu wengi huyaita yote mawili "mshipa", na jina moja likishikwa kwa magonjwa mawili dawa hupotea. Busha ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani. Daktari akishika juu ya uvimbe wa busha, vidole vyake hukutana, kwa kuwa uvimbe umeishia hapo. Lakini katika ngiri iliyoshuka havikutani, kwa kuwa uvimbe unatoka tumboni. Tena kwa mtu mzima, tochi ikiwekwa nyuma ya busha gizani, mara nyingi mwanga hupenya majini. Katika ngiri kwa kawaida haupenyi.

Je, hutibiwaje? Hakuna kidonge wala mafuta ya kuziba tundu. Dawa yake ni kupasuliwa. Hata hivyo si kila mtu atapasuliwa kesho. Mwanamume ambaye ngiri yake ya kinena ni ndogo na haimsumbui aweza kuambiwa na daktari angoje huku akiangaliwa. Lakini kungoja ukiwa umeonwa na daktari ni mbali na kungoja kwa kujificha.

Kazi ya kupasua ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuyarudisha matumbo ndani na kukifunga au kukirudisha kile kifuko. Kwa mtoto hiyo mara nyingi yatosha. Ya pili, kwa mtu mzima, ni kuimarisha ukuta. Mwaka 1887 Edoardo Bassini, daktari wa Padova huko Italia, alitangaza njia yake ya kushona misuli ya kinena kwenye kano iliyo chini yake. Kabla yake ngiri nyingi zilirudi, na njia yake ilienea duniani. Baadaye Earle Shouldice wa Kanada, aliyefungua hospitali yake mwaka 1945, alishona ukuta tabaka juu ya tabaka. Lakini nyama mbili zikivutwa kwa nguvu ili zikutane, uzi hukaza, na pengine huachia. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles na wenzake wakaeneza njia ya kutovuta: juu ya udhaifu huwekwa kiraka cha wavu, na nyama ya mwili huota katika matundu yake. Siku hizi wako pia madaktari wanaopitisha kamera na vyombo katika matundu madogo ya tumbo.

Mimi niliwekewa wavu. Nilichomwa dawa ya ganzi kinenani tu, nikawa macho muda wote, nikisikia kuvutwa lakini si kuumwa. Jioni nilitembea. Niliambiwa nisibeba mizigo mizito majuma sita, nikatii.

Na hapa kuna jambo la kuwafurahisha wasomaji wa Uganda. Wavu wa kiwandani waweza kupita dola 100 za Marekani, fedha ambazo mkata miwa hana. Madaktari wa India walikwisha kujaribu kitambaa cha chandarua badala yake. Kisha madaktari wa Uganda na wa Sweden wakafanya jaribio huku kwetu mashariki, katika Hospitali ya Misheni ya Kamuli. Wanaume 302 waligawanywa kwa kura, wengine wakawekewa wavu wa kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua, ambacho bei yake ni kama dola moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mzima, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu wa chandarua, na hakuna wa wavu wa kiwandani. Na matatizo mengine yalikaribia kuwa sawa pande zote mbili. Lakini mtu asikate chandarua cha kitandani kwake! Kile cha hospitali hakina dawa ya mbu, hukatwa kwa kipimo na kutakaswa kwa mvuke wa moto.

Kabla sijaweka kalamu chini, naomba kila msomaji ashike dalili hizi za hatari: ngiri iliyokuwa ikirudi ikikataa kurudi, ikiwa ngumu na yenye maumivu makali, ngozi yake ikibadilika rangi, mtu akitapika, tumbo likijaa, asipate choo wala kutoa hewa. Hata moja ya dalili hizo ikitokea, usikande, usisukume, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

Nanyi ndugu zetu mliotangulia, mlio walimu, makarani na wakulima, wenye wazee na wadogo nyumbani, waulizeni kwa upole. Wengi wamefunga vitambaa chini ya nguo zao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa baba mdogo ulijengwa usiku, kwa gharama ya miwa ya msimu mzima.

Muhula huu nimerudi uwanjani. Nacheza upande wa kulia kama zamani, na ninaoga na wenzangu. Kovu langu wameliona, na mmoja wao, ambaye sitamtaja, amekwisha kunijia faraghani akaniuliza jina la daktari.