Kumweleza Thomas Nagel Bila Kumwonea

Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani aliyezaliwa Belgrade mwaka 1937 na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha New York, huvutwa huku na huku. Kuna waumini wanaomtaja kama shahidi wao, na kuna wasioamini wanaomwona msaliti. Pande zote mbili zinamwonea. Ukiandaa mhadhara au makala kumhusu, shika haya.

1. Anza na popo. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1974, Nagel anauliza: kuwa popo kukoje? Popo wengi hujua kitu kilipo kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Unaweza kupima sauti hizo, ukachunguza ubongo wote wa popo, na bado usijue mwenyewe anahisi nini. Hoja ni hiyo. Hakusema popo ana roho. Wala hakudai kwamba ni uongo kusema akili ni mwili mtupu. Alisema hatujaelewa jambo hilo linawezaje kuwa kweli.

2. Taja mapema kwamba haamini Mungu. Katika *The Last Word* (1997) alikwenda mbali zaidi: anatumaini Mungu hayupo, hataki ulimwengu uwe hivyo. Maneno haya hunyofolewa mara nyingi ili kuthibitisha kwamba kila asiyeamini anaongozwa na woga. Yasome mahali pake. Alikuwa akijichunguza hadharani, akiwaonya wasomi wenzake kwamba kuiogopa dini kunaweza kupotosha fikra zao. Huo ni uungwana, na si haki kuugeuza silaha dhidi yake.

3. Usihukumu *Mind and Cosmos* (2012) kwa jalada lake. Kichwa kidogo cha kitabu hicho kinatangaza kwamba mtazamo wa Kidarwini mamboleo, unaoona kila kitu kuwa maada tu, karibu hakika ni wa uongo. Ni maneno makali. Ndani, hata hivyo, hakani kwamba viumbe vina historia ndefu ya mabadiliko. Anachokataa ni kwamba fizikia, kemia na uteuzi asilia vinatosha kueleza fahamu, akili na maadili. Badala yake anapendekeza kwamba huenda maumbile yana mwelekeo wa kuzaa viumbe wenye fahamu, pasipo yeyote aliyekusudia. Hapa ndipo wasimuliaji wengi huteleza: wakisikia “mwelekeo” wanamwingiza Muumba, ambaye Nagel hamhitaji.

4. Usifiche yanayomtia matatani. Aliwatetea watetezi wa nadharia ya ubunifu wenye akili, inayodai kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili, dhidi ya dhihaka, ingawa hakukubali hitimisho lao.

5. Wape nafasi wanaompinga. Elliott Sober, mwanafalsafa wa biolojia, alihoji kwa nini jambo la ajabu, kama fahamu, ni lazima liwe lilitarajiwa kutokea. Alvin Plantinga, Mkristo, alimsifu kwa ukosoaji wake lakini akaona mwelekeo usio na Mungu haueleweki.

6. Usimfanye adui wa dini. Katika mkusanyo wa insha zake uliotolewa mwaka 2010 anaichukulia kwa uzito hamu ya binadamu ya kuishi kwa kupatana na ulimwengu mzima, na anauliza falsafa isiyo na Mungu inaweza kuijibu vipi hamu hiyo.

7. Usimpe uhakika asio nao. Pendekezo lake mwenyewe anakiri kuwa ni la kukisia, na anatarajia lije kupitwa.