Kuamini, Kukana na Kutojua: Fasili kwa Njia ya Mantiki

Malengo. Ukimaliza somo hili uweze: (i) kutofautisha utheisti, ukanamungu na uagnosti, (ii) kuonesha tofauti hizo kwa kutumia ukanushi, (iii) kugundua kosa la mantiki linaloitwa hoja ya kutojua.

1. Anza na dai moja

Mantiki huanza na dai, yaani sentensi inayoweza kuwa kweli au si kweli. Dai letu ni "Mungu yupo". Tuliite M. Ukanushi wake ni "Mungu hayupo". Tuuite si-M. Madai haya mawili hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, wala hayawezi kuwa uongo yote kwa pamoja. Moja ni kweli.

Hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Kwa kuwa madai ni mawili, hudhani na watu ni wa aina mbili tu. Sivyo. Dai lina hali mbili, lakini mtu mbele ya dai ana misimamo mitatu.

2. Mfano wa duara

Sisi wa Nkome na Geita yote tunaufahamu mfano huu. Viroba vya mawe vimetoka duarani, bado havijafika kwenye karasha. Dai ni "Mawe haya yana dhahabu".

- Mchimbaji wa kwanza anasema: "Naamini yana dhahabu."
- Wa pili anasema: "Naamini hayana dhahabu."
- Wa tatu anasema: "Siamini kuwa yana, wala siamini kuwa hayana. Nasubiri yasagwe na kuoshwa."

Mawe yenyewe yana dhahabu au hayana. Hakuna hali ya katikati. Hata hivyo, mchimbaji wa tatu hajakosea mantiki, na ukimwambia "kumbe unasema hayana", utakuwa umemsingizia.

3. Kiambishi cha ukanushi kimekaa wapi?

Linganisha sentensi hizi:

(a) Siamini kwamba Mungu yupo.
(b) Naamini kwamba Mungu hayupo.

Katika (a), kiambishi *si-* kinakanusha kuamini. Katika (b), kiambishi *ha-* kinakanusha kuwapo kwa Mungu. Kila anayesema (b) bila kujipinga hukubali (a) pia, lakini si kila anayesema (a) anakubali (b). Katika mazungumzo ya kila siku watu husema (a) wakimaanisha (b). Kwenye mtihani usifanye hivyo.

4. Fasili

- Utheisti: msimamo wa anayeamini M. Mwislamu, Mkristo, na pia mzee wa Kisukuma anayemwomba Liwelelo bila kuingia msikitini wala kanisani, wote wamo humu. Kutokuwa na dhehebu si kukana Mungu.
- Ukanamungu: kwa maana finyu, msimamo wa anayeamini si-M. Kwa maana pana, baadhi ya waandishi huhesabu kila asiyeamini M. Taja kwanza unatumia maana ipi.
- Uagnosti: msimamo kwamba ukweli kuhusu M haujulikani, au hauwezi kujulikana. Neno hili lilibuniwa mwaka 1869 na mwanasayansi Mwingereza, Thomas Henry Huxley, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ujuzi.

Zingatia: utheisti na ukanamungu hujibu swali "Unaamini nini?" Uagnosti hujibu swali "Kinajulikana nini?" Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kusema "Sijui kwa uhakika, lakini naamini." Hajajipinga.

5. Hoja ya kutojua

Kosa hili lina sura mbili:

- "Hakuna aliyethibitisha M, kwa hiyo si-M."
- "Hakuna aliyethibitisha si-M, kwa hiyo M."

Zote mbili ni batili. Kukosekana kwa uthibitisho peke yake hakuthibitishi upande wa pili. Anayetoa dai, liwe M au si-M, ndiye mwenye jukumu la kulitetea.

Usidhani kosa hili ni la vitabuni tu. Kanda ya Ziwa imepoteza vikongwe wengi kwa hoja ya namna hii: "Bibi huyu ana macho mekundu, na hajathibitisha kuwa si mchawi, kwa hiyo ni mchawi." Macho yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Aliyeshindwa kuthibitisha ni mshtaki, lakini aliyelipa kwa uhai wake ni bibi. Ukisikia hoja hiyo mtaani kwenu, uliza: "Ushahidi wa dai lako uko wapi?"

6. Swali la mfano

*"Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, lakini wimbo wa taifa unamwomba Mungu. Kwa hiyo taifa linajipinga." Jadili.*

Jibu. Hitimisho halifuati. "Nchi haina dini" maana yake dola haijachagua dini yoyote kuwa yake. Haisemi M wala si-M. Kujipinga kungekuwapo kama Katiba ingetamka si-M. Tena Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Uhuru huo unawalinda mtheisti, mkanamungu na mwagnosti kwa pamoja. Mtu anaweza kuhoji kama wimbo huo unawafaa raia wote, lakini hilo ni swali jingine, si mgongano wa mantiki.

7. Zoezi

1. Andika ukanushi wa "Wanakijiji wote wanaamini M". (Tahadhari: jibu si "Wanakijiji wote hawaamini M".)
2. Mtu asemaye "Sina dini" ni mkanamungu? Toa sababu mbili.
3. Tunga mfano wako wa hoja ya kutojua, kisha usahihishe.

Kumbuka: mtahini hasahihishi imani yako. Anasahihisha kama hitimisho lako linafuata kutoka kwenye ulichosema mwanzo.