Utamu Usio wa Sukari: Tembe za Kwenye Chai Zinasaidia Nani?



Katika mikutano ya vikundi siku hizi kuna swali moja ambalo haliishi. Akina mama wanaliuliza mbele ya wote, na wazee wanalinong'ona baada ya mkutano: zile tembe ndogo za kutia kwenye chai badala ya sukari, ni nzuri au ni sumu? Mmoja anauliza kama zinaponya kisukari. Mwingine ameambiwa na jirani ati zinaleta saratani. Na kuna yule ambaye kikundi chake kinatengeneza juisi na jemu ya kuuza, yeye anataka tu kujua kama zitapunguza gharama. Maswali yote ni ya haki, lakini jibu la moja si jibu la lingine. Hebu tuyachukue polepole.

Kwanza tujue ni vitu gani. Tembe hizi si sukari iliyokaushwa wala si dawa. Ni kemikali zinazougusa ulimi kama sukari inavyougusa, lakini kwa nguvu nyingi zaidi, kwa hivyo kiasi kidogo sana kinatosha kikombe kizima. Ya kwanza kabisa ni sakarini. Iligunduliwa mwaka 1879 katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore huko Marekani. Mtaalamu mmoja, Constantin Fahlberg, alitoka kazini, akaketi kula, akaona mkate wake ni mtamu ajabu. Kumbe hakunawa mikono vizuri, na ile kemikali aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa bado vidoleni. (Sisi tunawafundisha watoto kunawa kabla ya kula, na tuendelee hivyo hivyo. Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili.) Sakarini ina utamu wa kama mara 300 au zaidi kuliko sukari. Baadaye ikaja aspatemu, mwaka 1965, ambayo ni tamu kama mara 200, halafu sukralosi mwaka 1976, kama mara 600. Majina haya mtayaona kwenye karatasi ya chupa au kopo, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza, lakini yanasomeka karibu hivyo hivyo. Soda inayoandikwa kwamba haina sukari hutiwa moja ya hizi, au mbili kwa pamoja.

Iko pia stevia, ambayo ni mmea. Asili yake ni upande wa Paraguay, Amerika ya Kusini, lakini hata hapa kwetu wako wakulima wa Kericho waliowahi kuipanda kwa ajili ya kuuza majani. Watu husema, "Hii ni ya majani, kwa hivyo haina shida." Unga wake uliosafishwa umekubaliwa na wataalamu kwa kiasi fulani, ni kweli. Lakini kitu kuwa cha majani si cheti. Hata tumbaku ni majani.

Sasa kisukari. Hapa ndipo pana hatari, na ningependa tukae hapa kwa muda.

Mtu akila, chakula kinageuka kuwa sukari ya damu. Kiungo kinachoitwa kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie mwilini kutupa nguvu. Kwa mgonjwa wa kisukari, ama insulini haitoki, ama inatoka lakini mlango umekuwa mgumu. Sukari inabaki kwenye damu, na polepole inaharibu macho, figo, mishipa na miguu. Tembe ya utamu haifungui mlango huo. Haishushi sukari iliyo ndani ya damu hata kidogo. Kazi yake ni moja tu: inakuwezesha kunywa chai tamu bila kuongeza sukari ya kijiko. Basi.

Katika kikundi kimoja nilikutana na mama mwenye kisukari ambaye alikuwa mwaminifu kabisa kwa tembe zake. Kila mkutano alizitoa kwenye leso, akatia mbili kwenye chai, akakoroga. Halafu akala mandazi matatu na vipande viwili vya nduma. Alishangaa kwa nini zahanati wanamwambia kila mara sukari iko juu. Hakuna aliyemweleza kwamba mandazi, ugali, mkate, wali, viazi, nduma na chapati vyote vinageuka sukari tumboni, hata kama ulimi hauonji utamu. Mbaya zaidi, alikuwa amepunguza dawa alizopewa kwa sababu pesa ya dawa aliipeleka kununua tembe. Wapendwa, hiyo ni biashara ya hasara. Kama pesa inatosha kitu kimoja, nunueni dawa, na chai inywewe bila utamu. Kwa wiki mbili tatu mdomo utalalamika, halafu utazoea.

Nikiulizwa sahani ya mtu wa kisukari ifanane na nini, mimi huichora chini kwa kijiti. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, managu, terere, kunde, kabichi. Robo iwe ugali au githeri au kiazi. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama. Ugali wa unga wa posho usiokobolewa ni afadhali kuliko ule mweupe sana, maana makapi yake yanafanya sukari iingie polepole. Sahani hiyo hiyo inamfaa hata asiye mgonjwa, kwa hivyo hakuna haja ya kumpikia mgonjwa sufuria ya peke yake kana kwamba ametengwa.

Na asali? Na sukari nguru? Hili ni swali la kila mahali. Asali ni chakula kizuri, lakini ni sukari. Sukari nguru ni sukari. Ile ya kahawia ni sukari pia. Kwenye damu zote ni ndugu wa tumbo moja. (Na asali msimpe mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.)

Kuna jambo lingine ambalo kila kikundi chenye mgonjwa wa kisukari kinapaswa kulijua kwa moyo. Mgonjwa anayetumia insulini au tembe fulani za kisukari anaweza kushukiwa na sukari, hasa akinywa dawa halafu akakosa chakula, au mkutano ukavuta mpaka saa tisa bila chai. Utamwona anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaongea maneno yasiyoshikana. Wengine hudhani amelewa. Huyo anahitaji sukari ya kweli, na mara moja: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Ukimpa soda isiyo na sukari au chai ya tembe, hujamsaidia kitu, na dakika zinapita. Mwangalieni kwa dakika 15. Kama bado, mpeni tena. Akishatulia, ale chakula. Lakini kama amezimia, msimmiminie chochote mdomoni kwa sababu atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu na mtafute gari la hospitali.

Tuje kwenye saratani. Uvumi huu una mahali ulipotoka. Katika miaka ya 1970 panya waliolishwa sakarini kwa wingi walipata saratani ya kibofu, na mwaka 1977 serikali ya Marekani ilitaka kuipiga marufuku. Baadaye ikaonekana kwamba jambo lile linahusu mwili wa panya na si wa binadamu, na mwaka 2000 lile onyo kwenye pakiti likaondolewa. Halafu Julai 2023, tawi la Shirika la Afya Duniani linalochunguza saratani liliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani, maana ushahidi ni mchache. Wakati huo huo kamati nyingine ya wataalamu wa vyakula iliacha kiwango kama kilivyokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni zaidi ya makopo tisa ya soda ya aina hiyo kila siku. Kwa hivyo yule mama wa tembe mbili kwenye chai asikose usingizi. Wako watu wachache waliozaliwa na ugonjwa ambao miili yao haiwezi kuvunja sehemu moja ya aspatemu, na hao hukatazwa kabisa, lakini ni wachache mno.

Watu hawakusikia vizuri habari nyingine ya mwaka huo, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wasitumie vitamu hivi kama njia ya kupunguza mwili. Waliochunguzwa kwa muda mrefu hawakuonyesha faida ya kudumu. Ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwa sisi wengine, ulimi ukizoea utamu mwingi unaendelea kuutafuta kila mahali. Anayekunywa soda isiyo na sukari halafu akajipongeza kwa keki hajapunguza kitu.

Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa ikipungua hadi gramu 25 hivi kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai, ni vizuri zaidi, na isipite gramu 50. Hebu tupige hesabu ya nyumbani. Familia ya watu sita inayomaliza pakiti ya kilo 2 kwa wiki, kila mtu anakula karibu gramu 48 kwa siku, kama vijiko 12. Hapo hatujahesabu soda ya harusi wala biskuti. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi. Mtaona kwamba tatizo letu kubwa liko ndani ya sufuria ya chai. Sisi tunachemsha maji, maziwa, majani na sukari pamoja, kwa hivyo mgonjwa na mzima, mkubwa na mtoto, wote wanakunywa kipimo cha yule anayependa utamu kuliko wote. Pikeni chai bila sukari na muweke bakuli mezani, kila mtu atie yake. Najua mgeni akipewa chai isiyo tamu anafikiri amedharauliwa. Mwambieni tu, "Sukari hiyo hapo, karibu." Heshima haijapungua.

Sasa wale wa biashara. Kwa jemu, jibu ni hapana. Sukari kwenye jemu haiko kwa utamu peke yake. Ndiyo inayoizuia isioze, kwa kuvuta maji ili vijidudu visipate nafasi. Mkitia tembe badala yake, jemu itakuwa nyepesi na itaota ukungu. Kwa mandazi, aspatemu hupoteza utamu ikipata moto mwingi, na sakarini huacha uchungu mdomoni. Kwa juisi inawezekana, lakini mteja aambiwe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Zaidi ya sheria, fikirini yule mgonjwa aliyeshukiwa na sukari akikimbilia kibanda chenu kununua juisi, na ndani hamna sukari.

Kabla ya mkutano ujao, mhazini au katibu amwulize mhudumu wa afya wa kijiji kama anayo mashine ya kupima sukari. Mwaka 2023 wengi wao waligawiwa mikoba yenye mashine hiyo. Mwulizeni pia kama vile vipimo vya kuwekea damu bado vipo, kwani ndivyo huisha haraka. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, mtu aende kituo cha afya apimwe tena. Anayekojoa mara kwa mara usiku, mwenye kiu isiyoisha, anayekonda bila sababu au mwenye kidonda kisichopona asingoje siku ya kikundi.

Mkikaa, jadilianeni haya. Kwenu pakiti ya sukari inachukua siku ngapi, na wanaokunywa ni wangapi? Katika kikundi chetu ni nani ana kisukari, na je, yuko tayari wenzake wajue? Mkutano ukichelewa, nani ana kazi ya kuhakikisha amekula? Na ule mkebe wa sukari ya dharura, tutauweka wapi ili usiishie kwenye chai ya kamati?